Sala Fupi na Mashine ya Maabara

Siku tulipomzika Syombua kule Ikutha nilipewa maikrofoni kwa niaba ya watu waliowahi kufanya kazi naye, nikasema sentensi tano. Nilisema ndiye aliyenifundisha kazi. Nilisema alikuwa mpole. Nilisema hakuwahi kunipandishia sauti. Nilisema chai yake alikunywa bila sukari, na watu wakacheka kidogo kwa sababu walimjua. Nikasema Mungu amlaze mahali pema. Hakuna hata moja kati ya sentensi hizo iliyokuwa ya uongo, lakini zikiwekwa pamoja zilikuwa uongo, na mkubwa. Mchungaji wa kwao alikuwa amenitangulia kuongea, kwa sauti ya mtu anayeamini anamtetea marehemu. "Dada yetu alipita jangwani," alisema. "Kule kazini Kibwezi aliteleza, akaweka mashine mbele ya sala, hata barua ikaletwa hapa kwetu. Lakini Bwana hakumwacha. Alirudi akakaa nasi, pale kwenye benchi la nyuma, kwa unyenyekevu." Watu wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia. Kisha akanikabidhi maikrofoni, bado ina joto la mkono wake, na nilikuwa na nafasi yote ya kusema kwamba ile barua ilistahili kuandikiwa mimi.

Baada ya kufukia, Kalekye, mdogo wake Syombua, aliniletea sahani ya wali na nyama chini ya turubai. Alinitazama vizuri kabla ya kuiachilia. "Wewe ndiye Mwende?" Nikasema ndimi. "Alikuwa anakutaja. Alisema huyo msichana anajua kazi." Akaketi kando yangu, akavua viatu, akaanza kuongea huku akitazama miguu yake. Akaniambia kwamba kwa miaka kumi na mitatu kikundi cha akina mama hapo kanisani hakikumpa Syombua nafasi ya kuomba hata mara moja. Si kufungua mkutano, si kuufunga, hata sala ya chakula walimruka. "Na huyo alikuwa anapenda kuomba," Kalekye alisema. "Akiwa peke yake jikoni unamsikia. Lakini pale akiingia, wanaangaliana." Nikamuuliza kama hakuwahi kuwaeleza. "Awaeleze nini? Barua ilikuwa na muhuri." Nilikula. Nataka kuandika jambo hili kama lilivyokuwa: nilikula mpaka sahani ikaisha, nikamshukuru, nikavuka mto Athi kurudi kazini kwangu, kwenye chumba kilichokuwa chake.

Chumba hicho zamani kilikuwa cha kuoshea picha za eksirei. Hospitali ni ya kanisa, jina silitaji, na eksirei mpya ilipokuja isiyohitaji filamu, chumba kikabaki bila kazi, kuta zake zimepakwa rangi nyeusi, hakina dirisha, mlango mzito wa kuzuia mwanga. Syombua ndiye aliyekiomba. Alisema chumba kisichoingiza jua ndicho baridi, na seva hutaka baridi. Aliacha kuta nyeusi vilevile. Kwenye ukuta mmoja ilikuwa imebaki kamba ya kuanikia filamu na vibanio vyake, na yeye akaitumia kuning'iniza karatasi za kazi: karatasi ya leo, ya kesho, ya keshokutwa, kama nguo za mtoto. Hatukuruhusiwa kula mle ndani. Saa nne tulitoka nje kwenye ujia, tukageuza kreti mbili za chupa za dripu, tukaketi juu yake na vikombe vyetu na mandazi kwenye kifuniko cha sufuria. Alhamisi jikoni walipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa mbaazi, na Syombua alitoa mbaazi moja moja na kuziweka pembeni ili azile mwisho. Yeye alikuwa na miaka arobaini wakati huo, mimi ishirini na minane. Nimempita sasa umri aliokuwa nao, kwa mwaka mmoja.

Nilikuwa nimetoka kufua. Nasema hivyo bila aibu. Aibu yangu iko kwingine. Nilikuwa mfuaji wa shuka za wodi, nina cheti cha kompyuta cha miezi sita kutoka chuo cha ufundi cha kijijini, na cheti hicho nilikuwa nimekikunja ndani ya Biblia mpaka kikakatika kwenye mkunjo. Syombua alinikuta siku moja nikimsaidia karani wa mapokezi kutoa karatasi iliyokwama, akauliza nimejifunzia wapi, na baada ya wiki mbili nikahama kutoka dobi kwenda chumba cheusi. Dobi na chumba chetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo wenzangu wa zamani niliwasikia kila siku, na walijua ninawasikia. "Mwende siku hizi hashiki maji," mmoja alisema. "Anashika moto." "Moto gani? Anashika waya zisizoanikwa nguo." "Wacheni mtoto wa watu. Akichomwa na stima atarudi hapa tumwanike." Syombua alikuwa akigonga ukuta kwa kijiko na kusema, "Shuka ya wodi ya wanaume bado ina doa, nimeiona," na wote wanaangua kicheko, na mimi nacheka pia, na nadhani huo ndio wakati niliokuwa na furaha kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Seva zilikuwa mbili, nzee, na Syombua aliziita Wazee. Ndani ya hizo mbili ziliishi kompyuta nane zisizo na mwili. Alinieleza siku ya kwanza: unaona kompyuta ya maabara, ya dawa, ya mapokezi, unafikiri ni kile kioo kilicho mezani, kumbe kioo ni dirisha tu, kompyuta yenyewe inakaa huku, na Mzee mmoja anaweza kubeba kadhaa mgongoni. Uzuri wake ni kwamba ukitaka kumpumzisha Mzee mmoja, unazihamishia kwa mwenzake zikiwa hai, zikiendelea na kazi, na aliye maabara hajui kama kompyuta yake imetembea. Kisha mwaka ule, marafiki wa kanisa wakaleta seva ya tatu, mpya. Ilifika imefungwa plastiki na sponji, ikashushwa na watu wanne, wauguzi wakatoka kuitazama, mama mmoja wa dobi akapiga kigelegele. Syombua akaiita Bwana Harusi. Fundi aliyekuja nayo alikaa siku moja, akazizima zile kompyuta nane, akazihamishia zote kwa Bwana Harusi, akaziwasha upya, akaondoka. Zilienda kasi. Kila mtu alisifu. Syombua peke yake hakusifu.

Alichokiona ni hiki. Prosesa ya Bwana Harusi ilijua amri ambazo prosesa za Wazee hazikuzijua. Kompyuta iliyowashwa juu yake ilitazama pande zote, ikaona amri hizo zipo, ikaanza kuzitumia. Sasa ukija kuihamisha ikiwa hai kwenda kwa Mzee, itafika pale, itaita amri iliyoizoea, itakosa wa kuitikia, na itaanguka papo hapo. Kwa hiyo seva tulikuwa nazo tatu, lakini kwa kweli tulikuwa na moja, na siku hiyo moja ikiugua hatuna pa kukimbilia. Mimi sikuelewa. Akaniuliza kama nimewahi kwenda mwethya, kazi ya kijiji ya kusaidiana. Nani hajawahi? Nimechimba matuta na akina mama tangu nina miaka kumi. "Haya," akasema, "mkichimba tuta, mstari unakwenda kwa kasi ya nani? Ya yule kijana mwenye jembe jipya?" Nikasema hapana, kijana akikimbia mbele mstari unavunjika na maji yatapita hapo. Tunakwenda na yule mama mwenye jembe lililochoka. "Basi. Tunaziambia hizi nane kwamba prosesa zote ni za Wazee. Hata zikiwa juu ya Bwana Harusi, ziamini ziko kwa Mzee." Nikamwambia ni hasara, kununuliwa kitu kipya ukifanye kizee. Akasema, "Nguvu anabaki nazo. Ila haringi."

Kuandika mpangilio huo ni kazi ya dakika moja kwa kila kompyuta. Lakini kompyuta yenyewe haiusikii mpaka izimwe kabisa, ikate roho, kisha iwashwe. Ukiianzisha upya kwa ndani, kioo kinakuwa cheusi, kinarudi, maandishi ni yaleyale, na kwa macho ya mtu yeyote kazi imefanyika. Haijafanyika. Ni kama mtu aliyegeuka upande wa pili kitandani; huwezi kusema ameamka. Kwa hiyo zote nane zilipaswa kuzimwa, na hospitali haifungwi. Hapo ndipo Syombua alipopata mpango wake. Kila asubuhi saa mbili wafanyakazi wote wasio na mgonjwa mkononi walikwenda kanisani pale ndani ya uwanja, nyimbo mbili, neno fupi, kisha sala ya Mchungaji Muthama. Ofisi zilikuwa tupu. Akaamua kompyuta moja kila asubuhi, wakati wa sala. Yeye mwenyewe hakukosa kanisa, hakutaka kukosa, kwa hiyo aliyebaki chumba cheusi ni mimi. Kipaza sauti cha kanisa kilisikika mpaka kwetu, na yeye alikuwa ameijua sala ya Muthama kama mtu anavyojua njia ya kwao. "Anaanza na wagonjwa, wodi kwa wodi," aliniambia. "Akitoka hapo anaingia kwa viongozi. Halafu shule. Mvua ni ya mwisho. Akifika kwa mvua, uwe umeshawasha." Maabara ilikuwa nzito kuliko zote, dakika saba kuzima, karibu saba kuwasha, kwa hiyo akaiweka mwisho, Jumatano, kwa sababu Jumatano Muthama huwaombea na wafungwa.

Kwenye daftari alichora mistari nane, jina la kila kompyuta, mahali pa tiki yangu, mahali pa sahihi yake. Siku tatu za kwanza alirudi kutoka kanisani na kukagua mwenyewe kwenye kioo, imewaka tangu saa ngapi. Siku ya nne akasaini bila kutazama. Nikamwambia hujakagua. "Nimekukagua wewe," akasema. Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo tena. Tiki zangu zilikuwa zinapangana moja chini ya nyingine, za wino wa buluu, zote mkia umekwenda juu sawasawa, na mimi nilikuwa nakwenda kulitazama lile daftari hata wakati sina kazi nalo.

Jumatano ile Muthama hakuwepo. Alikuwa amekwenda maziko Mwingi, na aliyesimama mahali pake alikuwa kijana mgeni, mwanafunzi wa chuo cha Biblia. Ningejua mapema kama ningesikiliza. Lakini niliuacha wimbo wa kwanza uishe, na wa pili, kwa sababu wa pili niliupenda na nilikuwa nimesimama mlangoni nikiuimba, nikijua muda ni mwingi. Nikaingia, nikaandika mpangilio, mkono ukiwa kwenye kipanya nikasikia yule kijana akisema, "Baba, wewe unajua mahitaji yetu yote. Amina." Hivyo tu. Hakufika wodini, hakufika kwa viongozi, mvua hata hakuikumbuka. Nikasikia viti vinasukumwa. Nilipotoa kichwa nje, Mutua wa maabara, ambaye wote tulimwita daktari ingawa hakuwa daktari, alikuwa tayari anakuja kwenye ujia na funguo zake, na kwenye benchi lake walikuwa wameketi watu waliokuja bila kula tangu jana yake kwa ajili ya kupimwa sukari.

"Mwende, mashine yangu iko sawa?"

"Iko sawa, daktari. Naianzisha upya tu."

"Dakika ngapi? Hawa watu wana njaa."

"Mbili."

Nikaianzisha upya kwa ndani. Kioo kikawa cheusi, kikarudi. Mutua akainua kidole gumba kutoka mlangoni kwake. Nikabaki nimesimama mbele ya daftari. Tiki saba. Nafasi moja. Nilijiambia nitaizima kesho kabla hawajafika, nitakuja mapema, hakuna atakayejua, na kwa sababu hakuna atakayejua basi ni kama nimefanya leo. Nikaweka tiki. Syombua akaja na chai, akaketi kwenye kreti, andazi mdomoni, akauliza, "Maabara?" Nikasema, "Tayari." Akasaini akiwa ameketi hivyohivyo, daftari juu ya goti, na tone la chai likaanguka pembeni mwa jina lake. Kesho yake sikuja mapema. Keshokutwa pia. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu kidogo zaidi, mpaka wiki ya pili nikaanza kusahau, na mwezi ulipoisha nilikuwa karibu kuamini ile tiki.

Joto likaja. Ijumaa moja, mchana, kiyoyozi cha chumba cheusi kikatoa sauti kama ya mtu anayekohoa, kikanyamaza. Bwana Harusi ndiye aliyeumia kwanza, maana alikuwa amebeba zote nane. Feni zake zilipiga kelele mpaka dobi wakauliza kama ni ndege. Syombua alikuwa ametulia. Akasema tunamvua mzigo, tunazihamishia kwa Wazee zikiwa hai, kisha tunamzima apoe, na ndiyo maana tuliifanya ile kazi. Alisema "tuliifanya". Akafungua mlango mzito, nikashika karatasi ya boksi nikawa nampepea, si yeye, seva. Mapokezi ikavuka. Dawa ikavuka. Kila moja ilipovuka alitega sikio upande wa ujia, na huko watu waliendelea kuongea na kazi zao, hakuna aliyejua, na aligeuka akanitabasamia jasho likimtoka. "Unaona mwethya?" Saba zikavuka. Niliihesabu kila moja, na kwa kila moja niliuambia moyo wangu, sema sasa. Nilihitaji neno moja tu. Subiri. Angeiacha ile moja, angemwambia Mutua amalizie kazi, tungeizima taratibu. Nilikuwa na muda. Wala sikuganda kwa hofu, nisije nikajipunguzia kosa. Nilikuwa napepea kwa mkono uleule, nikifikiri: labda itavuka.

Ilivuka, ikaanguka. Sauti ya Mutua ilikuja kwenye ujia, "Nani amegusa?" Syombua akajaribu kuiinua, ikainuka, lakini kitabu chake cha ndani, kinachotunza majibu, kilikuwa kimekatika katikati ya kuandikwa, na hakikufunguka tena. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Jumapili. Majibu ya vipimo vya siku tano yalipotea, na maabara hawakuwa tena wakiandika kwenye rejista ya karatasi kwa sababu Syombua mwenyewe ndiye aliyewaambia wameshafika mahali pa kuiamini kompyuta. Jioni, alipokuwa akitafuta chanzo, nilimwona akifungua ukurasa unaoonyesha kila kompyuta ilikuwa imewaka tangu lini kabla ya siku hiyo. Saba zilionyesha tarehe za zile asubuhi za sala. Ya nane ilionyesha siku Bwana Harusi alipoletwa. Alitazama kwa muda. Nilikuwa nyuma ya bega lake na nilitazama naye. Kisha akaufunga ukurasa ule, akasema bila kugeuka, "Nenda ukanywe maji, Mwende." Nikaenda nikanywa maji.

Jumatatu watu waliitwa warudi kutolewa damu upya. Nilipewa kazi ya kusoma majina kwenye foleni, na foleni ilifika getini. Wengine walikuwa wamevuka Athi mara ya pili wiki hiyo. Hawakutukana, na ingekuwa afadhali watukane. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu kama damu ya kwanza ilikuwa mbaya. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, na nilipoita jina lake, yule mtoto alinitazama, akauficha mkono wake ndani ya leso ya mama yake, akaushikilia kwa ule mwingine. Mama akamwambia, "Toa, mwana wakwa, ni mara ya mwisho." Ndiyo maneno aliyomwambia pia mara ya kwanza, nadhani. Mpaka leo mtoto yeyote akificha mkono, mimi natazama pembeni.

Siku iliyofuata msimamizi wa hospitali alituita ofisini, mimi na Syombua. Daftari lilikuwa mezani kwake, limefunguliwa pale penye tone la chai. Akauliza ni nani aliyezima kompyuta ya maabara. Nikasema ni mimi. "Uliizima?" Syombua akageuza uso wake kwangu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Alikuwa na ule ukurasa, angeweza kuuonyesha, tarehe iko pale. Alisubiri. Nikasema, "Niliizima." Akakaa hivyo kidogo zaidi, labda nitaongeza neno, kisha akageukia meza. "Sahihi ni yangu," akasema. "Nilisaini bila kukagua. Hiyo ni kazi yangu, si yake." Mambo ya prosesa msimamizi hakuyaelewa, wala bodi. Walichoelewa ni kwamba kuna kazi ya mashine ilifanyika asubuhi nane wakati wa ibada bila wao kuulizwa, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye barua, kwamba alifanya kazi za mashine wakati wa sala. Nakala ikapelekwa kanisa la kwao, maana ni la dhehebu lilelile. Syombua, ambaye asubuhi zote nane alikuwa amekaa safu ya pili.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Alinikabidhi ufunguo wa chumba, akazitoa karatasi zake kwenye kamba, akaviacha vibanio. "Usisubiri joto," akasema. "Kiyoyozi kikikohoa, ita fundi siku hiyohiyo." Hiyo nayo ilikuwa nafasi, na niliona anaipa muda, alifunga kiondo chake polepole kuliko kinavyofungwa. Nikasema, "Sawa, dada." Asubuhi yake nilikwenda kwa Mutua nikamwambia nahitaji robo saa niizime mashine ya maabara kabisa. Alikuwa anavaa glavu. Akasema, "Sawa." Hakuuliza kwa nini. Hakukunja uso. Ingekuwa hivyo hivyo Jumatano ile.

Nimekaa kwenye kiti chake tangu hapo. Wazee walishakufa, Bwana Harusi mwenyewe sasa ni mzee, na kila seva mpya ikija naishusha ilingane na ile kongwe zaidi, na kila kompyuta naizima kabisa na kukagua mwenyewe tarehe yake. Ninajulikana kwa uangalifu. Watu wa hospitali nyingine hunipigia simu kuniuliza. Syombua alitengeneza simu na redio sokoni Ikutha, na katika miaka yote hiyo nilimpigia mara nne, zote za Krismasi, na mara zote nne tuliongea juu ya mvua.

Jumapili ya pili baada ya maziko nilirudi Ikutha. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, na mama niliyeketi naye akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapo palikuwa pa mtu." Nikamwambia najua. Wakati wa ushuhuda nikainua mkono. Nilitaka kuanza na prosesa, nikaona nyuso za watu, nikaanza na mwethya. Nikaeleza tuta, jembe lililochoka, kijana anayekimbia mbele. Nikaeleza kazi ya asubuhi nane, wimbo nilioupenda, sala fupi, tiki. Nikasema niliulizwa mbele yake nikadanganya, na kwamba alijua, na kwamba alinyamaza. Haikuchukua dakika kumi. Miaka kumi na mitatu, na haikuchukua dakika kumi.

Mbele kabisa mama mmoja mzee wa kikundi cha akina mama alisimama kwa kushikilia kiti. Akaniuliza kwa Kikamba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikwepe: "Sasa huyo Syombua, hizo siku za sala, alikuwa wapi?"

"Alikuwa kanisani, mwaitu. Safu ya pili. Ambaye hakuwa kanisani ni mimi."

Yule mama alibaki amesimama. Alimtafuta Kalekye kwa macho, akampata karibu na dirisha, akamwambia, "Njoo utuombee." Kalekye akaja mbele. Alinipita bila kunitazama, na baada ya ibada pia alinipita hivyohivyo, na sina la kumlaumu. Akafumba macho, akaanza na wagonjwa, mmoja mmoja kwa majina. Akaingia kwa wajane. Akaingia kwa watoto wa shule, kwa walio safarini, kwa walio jela. Jua lilisogea kutoka kwenye kiatu changu mpaka kwenye ukuta. Nilikuwa nimefumba macho, lakini mkono wangu, kwa mazoea, ulikuwa unahesabu dakika: saba za kuzima, saba za kuwasha. Alipofika kwa mvua zilikuwa zimekwisha zote, na bado aliendelea.